Kumi na Mmoja Wazima

Nitawasimulia habari za nchi ambayo siyo yetu, na naomba hilo lieleweke mapema, maana kuna wasomaji wana tabia ya kusikia jirani anasemwa na kuanza kujikuna wao. Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri Tulivu ya Gongomera. Utulivu wake umeandikwa katika ibara ya kwanza ya katiba, na wote waliowahi kuuhoji walitulizwa.

Wagongomera walipenda kandanda kuliko chakula, jambo ambalo halikuwatesa sana kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Ligi yao ilikuwa na klabu kumi na sita. Msimu huo iliisha vizuri ajabu: klabu zote kumi na sita zilijitangaza bingwa siku moja, mashabiki wakaichoma moto ofisi ya Shirikisho la Kandanda kwa furaha, na msimamo wa ligi ukateketea ndani ya kabati lake. Waamuzi watatu walizikwa kwa heshima zote za michezo, mmoja wao akiwa bado anapinga.

Moshi haujatulia, ikaja barua kutoka ng'ambo, iliyoandikwa na waandaaji wa Kombe la Mabara. Ilikuwa na kurasa mbili. Kwa vile sahani za Shirikisho nazo ziliungua, ukurasa wa kwanza ulitumika kufungia maandazi ya kikao, ukaloa mafuta, na ulipotafutwa haukuonekana. Maandazi yalikuwa yameliwa na wajumbe wote, kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa. Ukabaki ukurasa wa pili, wenye sentensi mbili na sahihi: "Nafasi ya nchi yenu ni moja. Klabu ambayo siku ya ukaguzi haitakuwa na wachezaji kumi na mmoja walio wazima itaondolewa."

Mwenyekiti wa Shirikisho, Brigedia Mstaafu Ngwegwe, aliusoma mara tatu, ya tatu kwa sauti na kwa kusimama. Mjumbe mmoja mpya akathubutu kuuliza kama haingefaa kuwaandikia wenyewe watume tena ukurasa wa kwanza.

"Tuwaambie nini?" Brigedia akauliza. "Kwamba Serikali imekula barua?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Barua za watu wazito hazina maneno mengi. Klabu ni kumi na sita, nafasi ni moja. Maana yake klabu kumi na tano zinatakiwa siku ya ukaguzi zisiwe na watu kumi na mmoja wazima. Sasa ndugu wajumbe, mnataka mpaka mgeni atoke kwao aje kuwaeleza na namna ya kuwapunguza?"

Wajumbe walipiga makofi kwa muda mrefu, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuacha. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Waraka Namba Saba.

*

Waraka ulibandikwa Jumatatu kwenye kuta za mji, uanze kutumika Jumatatu inayofuata, na mtu pekee aliyeusoma mpaka nukta ya mwisho alikuwa Tendwa Mkumbukwa, beki wa kati wa Cherehani FC. Cherehani ilikuwa klabu ya mafundi nguo wa Mtaa wa Uzi. Tendwa mwenyewe alikuwa fundi suti, mtu mrefu na mpole, anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kulamba. Katika miaka tisa ya kucheza hakuwahi kuonyeshwa kadi hata ya njano. Akimnyang'anya mtu mpira alimwambia "samahani, ndugu yangu," na akimwangusha kwa bahati mbaya alimpangusa vumbi. Mashabiki wa klabu yake mwenyewe walimpachika jina la Bi Harusi. Kila mchezaji wa Cherehani alikuwa na wimbo wake wa kuimbiwa jukwaani isipokuwa yeye, na siku zote alisema halimsumbui. Lilikuwa linamsumbua sana.

Waraka ulikuwa umefikiria kila kitu. Mchezaji wa klabu yoyote aliruhusiwa kumpunguza mchezaji wa klabu nyingine, ilimradi iwe siku ya kazi, kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo mhuri wa Shirikisho ulikuwa ofisini. Kumvunja mtu nje ya saa hizo kulikuwa ni ukatili, na vilevile kumpiga zaidi ya pigo moja kwa kila kiungo. Adhabu ya ukatili ilikuwa kifungo cha miaka saba. Mvunjaji aje na shahidi, karani, fomu nakala tatu, na kifaa kisicho na kutu. Mvunjwaji asome fomu, aridhike na atie sahihi, na kama ni mkono wa kuandikia uliokusudiwa, basi sahihi itangulie. Saa nne kamili pande zote mbili zipumzike chai.

Jumapili, siku isiyo ya kazi, Tendwa alikwenda kula kwa mdogo wake Siwema kama kawaida. Siwema alikuwa ameolewa na Luhende, mshambuliaji wa Nyundo Sports, klabu ya mafundi wa kuchomelea vyuma ambayo mlezi wake, kwa bahati tu, alikuwa Brigedia Ngwegwe. Luhende alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye mguu wa kushoto uliokuwa ukizungumzwa mpaka nchi za jirani.

"Kula ushibe, shemeji," Luhende alisema, akimsogezea sahani ya samaki. "Kesho saa mbili nikikukuta njiani sikujui."

"Na mimi sikujui," Tendwa akajibu, wakacheka mpaka Luhende akapaliwa.

Siwema hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Haya, chekeni. Mimi nina kaka mmoja na mume mmoja, sina wa akiba. Atakayemgusa mwenzake nyumba hii asiikanyage. Unanisikia, Luhende?"

"Mbona mimi peke yangu?"

"Kaka hata kuku hajawahi kuchinja. Kwake sina wasiwasi," Siwema akasema, na akamwongezea kaka yake kipande kinono.

*

Wiki ya kwanza ilikwenda kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Nahodha wa Radi FC alikutwa kwa kinyozi, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Akaomba amaliziwe upande wa pili, wavunjaji wakakubali, wakakaa kwenye benchi kusoma gazeti. Kisha wakamlaza sakafuni juu ya nywele zake na kumvunja miundi yote miwili. Kipa wa Posta United alivunjwa vidole kumi, na kazi ilichukua asubuhi nzima kwa kuwa karani alikuwa na mwandiko wa polepole. Walipofika kidole cha saba ikagonga saa nne. Wakanywa chai pamoja, kipa akinyweshwa kikombe na mtu aliyekuwa akimvunja, na wote wawili walikubaliana kwamba sukari ilikuwa ndogo.

Klabu ya Majembe ilijificha yote ndani ya kisima kikavu. Wavunjaji hawakujihangaisha kuteremka. Walikodi lori la kokoto, wakalirudisha nyuma taratibu, wakaonyeshana ishara za mkono mpaka likafika ukingoni. Vilio vilipopungua, fomu zilishushwa kwa ndoo, na ndoo ikapandishwa na sahihi tisa kati ya kumi na mbili. Shirikisho lilizirudisha tatu zilizobaki kwa kuwa hazikujazwa kikamilifu.

Viwanja vikawa vitupu, ua wa Hospitali Kuu ukajaa. Watu walikuja na ngoma, mavuvuzela na karanga za kuchemsha, wakapanga foleni tangu alfajiri kugombea nafasi karibu na mlango wa wodi ya mifupa. Mtangazaji mashuhuri wa redio, Jongo Mapute, alihamishia kipaza sauti chake palepale.

"Anaingiaaa! Anaingia na machela, wapenzi wasikilizaji! Ni goti! Ni goti la kulia, hapana, subirini, muuguzi anatikisa kichwa, anasema ni yote mawili! Posta wamebaki saba! Nani kasema kandanda imekufa nchi hii?"

Waziri wa Afya alitembelea wodi, akahesabu majeruhi mia moja na kumi na wawili, akasema amefarijika kuona vijana wengi kiasi hicho wametulia sehemu moja. Magazeti yalichapa msimamo mpya kila asubuhi, safu mbili tu: wazima na waliopungua. Mzee mmoja aliyeuliza gazetini mpira wenyewe utachezwa lini alijibiwa na wasomaji wenzake kwamba ameachwa na wakati, na siku mbili baadaye alivunjwa mkono, japo hakuwa na klabu.

Kileleni walikuwa Nyundo Sports. Wale vyuma vyao walivifua wenyewe, vikatoka vinang'aa, wakati wenzao wengi walikuwa wakirudishwa njiani na karani kwa sababu ya kutu. Luhende peke yake alikuwa na fomu sita zilizogongwa mhuri. Jumapili alikuja mezani akala kidogo, akasema tumbo linamsumbua.

*

Cherehani hawakuwa na ubavu wa kumvunja mtu. Walikuwa kumi na wanne, na wote walikuwa wakitetemeka. Mwenyekiti wao, Bi Kibibi Mshangama, mshona magauni ya harusi, aliwakusanya ndani ya stoo ya vitambaa akawatazama mmoja mmoja.

"Wanangu, kupigana hamwezi. Kukimbia nako hamwezi, nimewaona msimu mzima. Lakini kusimama mahali pamoja bila kufanya kitu chochote mnaweza, tena mnaweza kuliko klabu yoyote. Hilo nalo nimeliona msimu mzima."

Basi kuanzia siku ile, kila ilipofika saa mbili kasoro, wachezaji wa Cherehani walipakwa rangi usoni, wakavishwa, na kusimamishwa kwenye madirisha ya maduka ya Mtaa wa Uzi badala ya sanamu za kuonyeshea nguo. Tendwa alivalishwa suti ya bluu iliyokoza, aliyoishona mwenyewe, ua jeupe kifuani, mkono mmoja umeinuliwa kidogo kana kwamba anamkaribisha mtu. Nzi walimtembea kwenye midomo. Saa nne, wakati nchi nzima ikinywa chai, alikuwa akikohoa kikohozi chote cha asubuhi na kurudi mahali pake. Saa tisa na nusu alishuka, akanyoosha magoti, akahesabu: siku moja imepita.

Siku ya nne wavunjaji wa Nyundo walikuwa mtaani. Winga mmoja, Mashoto, alikuwa amevishwa gauni la harusi katika duka la ng'ambo ya barabara. Mteja aliinama kulikagua pindo, akapitisha ukucha nyuma ya goti, na Mashoto, ambaye tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kutekenyeka, alicheka.

Tendwa aliona yote kupitia kioo na hakuruhusiwa kupepesa macho. Aliona dirisha likivunjwa. Alimwona Mashoto akivutwa na shela lake, akisomewa fomu, akitia sahihi kwa mkono uliokuwa umevaa glavu nyeupe. Chuma kilishuka. Mfupa ulilia na gauni likabadilika rangi kutoka chini kwenda juu. Wawili waliosimama dirisha lile lile walishindwa kuvumilia, wakaruka nje, wakadakwa kabla ya kufika mtaroni, wakavunjwa hapo hapo kwa zamu huku Bi Kibibi akisihi wasichafue vitambaa vya watu. Cherehani wakabaki kumi na mmoja kamili.

Kisha wavunjaji wakaanza kugonga sanamu zote za mtaa, moja baada ya nyingine. Za plastiki zilipasuka, zikasamehewa. Wakafika kwenye dirisha la Tendwa.

"Na hii?" mmoja akauliza, ameshainua chuma.

Aliyesogea kuangalia alikuwa Luhende. Uso wake ulikaribia kioo mpaka pumzi yake ikakiweka ukungu. Tendwa alisikia tone la jasho likitoka nyuma ya sikio, likishuka, likiingia kwenye kola.

"Hii?" Luhende akasema. "Hebu itazame pua hiyo. Binadamu gani ana pua ya namna hiyo? Waliichonga wamelewa. Twendeni, saa tisa na robo hii, mhuri unatuacha."

Jumapili Tendwa alitaka kumshukuru. Luhende akamwahi. "Usinishukuru, shemeji. Pua yako kweli mbaya." Siwema aliwasikia, hakuelewa, lakini aliona namna walivyotazamana, na siku ile alikula kwa amani.

*

Siku ya ukaguzi Uwanja wa Taifa ulifurika watu elfu sitini. Klabu kumi na nne zilipita mbele ya jukwaa kuu kwa magongo, kwa vigari na kwa machela, zikapiga saluti. Wasio na mikono ya kupigia walisamehewa. Daktari wa Shirikisho akashuka na kinyundo chake cha mpira, akagonga magoti ya waliobaki, akatega sikio, akaandika. Nyundo Sports: kumi na mmoja wazima. Cherehani FC: kumi na mmoja wazima.

Brigedia Ngwegwe aliutoa ule ukurasa mfukoni, akausoma, akaugeuza. Nyuma ulikuwa mweupe. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nchi hii haijawahi kutoka sare na mtu. Sare ni uvivu wa pande mbili! Kwa hiyo kila klabu itatoa mtu mmoja kwa kura, na hao wawili watakutana katikati ya uwanja. Mmoja akipungua, tumepata mwakilishi. Ikifika saa tisa na nusu hajapungua mtu, nitajua klabu zote mbili zimegoma, na askari wangu watawapunguza wote ishirini na wawili, shingoni, kwa uzalendo, bila fomu!"

Shingoni, alisema. Uwanja ulishangilia hilo pia.

Majina yaliokotwa kutoka ndani ya kofia ya chuma. La Nyundo lilikuwa Luhende. La Cherehani lilikuwa Tendwa Mkumbukwa. Msinitazame hivyo, mimi sikuwa na mkono wangu ndani ya kofia. Naambiwa kura ilikuwa huru na ya haki, kama zote za nchi ile.

Walikutana kwenye duara la katikati, kila mmoja na chuma chake kinachong'aa.

"Shemeji," Luhende akasema.

"Shemeji."

"Usiangalie jukwaa la kaskazini. Dada yako yuko pale."

"Nimeshamwona." Tendwa akashusha chuma chake. "Nipige wewe. Wewe una uzoefu."

"Siwezi. Wale sita nilikuwa siwajui." Luhende alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nisikilize. Nimeongea na daktari. Chini ya goti, pigo moja, miezi miwili mtu anatembea. Mguu wa kulia. Wa kushoto niachie wa kuchezea. Piga, twende nyumbani."

"Siwema atasema nini?"

"Atasema watu ishirini na wawili wako hai. Nitamwambia mimi mwenyewe. Piga, bwana, dakika zinakwisha."

Saa ya uwanja ilionyesha tisa na dakika ishirini na sita. Askari walikuwa wameshaanza kuvua makoti. Luhende akaketi kwenye nyasi, akaunyoosha mguu wa kulia, akang'ata fulana yake. Tendwa akafumba macho, akasema, "Samahani, ndugu yangu," na akapiga.

Mfupa ulikatika kwa mlio mkavu. Luhende alitoa sauti ndani ya fulana. Daktari akainua mkono, karani akaandika, kipenga kikalia, na kazi ikawa imekwisha: watu ishirini na mmoja walikuwa wazima na mmoja angepona.

Hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Watu elfu sitini walisimama, na wimbo ukaanzia upande wa magharibi ukazunguka jukwaa zima, wimbo wenye jina lake. Tendwa! Tendwa! Beki wa chuma! Miaka tisa alikuwa akiungoja. Alifumbua macho. Kifua kilimjaa kitu kitamu mpaka akahisi pumzi haina pa kupita. Aibu ilikuja pia, sitaki kumsingizia, lakini utamu ulitangulia kufika.

"Basi, shemeji," Luhende alikuwa akisema kutoka chini, uso umemwiva kwa maumivu. "Tayari. Imetosha."

Wimbo ulianza kushuka. Tendwa akausikia unashuka. Akainua tena chuma, safari hii macho yake yakiwa wazi, akakishusha kwa nguvu zake zote juu ya goti. Hakuna waraka uliomtuma. Wimbo ukapanda kuliko mwanzo.

*

Huko ng'ambo Cherehani FC walicheza mechi moja. Dakika ya tatu winga wa wenyeji alikuja na mpira, anatabasamu. Tendwa alitazama pembeni kutafuta karani, hakumwona, akadhani huku kwa wakubwa mambo yamerahisishwa. Alimkanyaga muundi mpaka ukapinda. Wenzake walipoona hesabu imefunguliwa, nao wakaingia kazini. Ilipofika dakika ya kumi na tisa wenyeji wanne walikuwa wametolewa kwa machela, Cherehani watano walikuwa wameonyeshwa kadi nyekundu, na mwamuzi alikuwa amejifungia chooni.

Nyumbani Jongo Mapute alitangaza ushindi. Wao wamepungua wanne, sisi hakuna! Wachezaji wetu watano wametunukiwa kadi zenye rangi ya bendera ya taifa! Gongomera ikafungiwa miaka kumi, na Brigedia Ngwegwe akawaeleza wananchi kwamba hayo ni mapumziko wanayopewa mabingwa ili wengine nao wapate nafasi.

Tendwa alipokelewa kwa bendi. Aliteuliwa Mkufunzi Mkuu wa Mabeki wa Taifa, akapewa gari na medali ya shaba iliyofuliwa na mafundi wa Nyundo. Akaitwa mheshimiwa, mara ya kwanza akageuka kuangalia nyuma, mara ya tano hakugeuka. Kwa dada yake hakwenda. Alisema shughuli zimembana.

Lilibaki jambo dogo la ofisini. Faili la ile siku lilikuwa halijafungwa, kwa kuwa mvunjaji hakuwa amejaza kipengele cha tisa mbele ya ndugu wa mvunjwaji. Wote wawili waliitwa Shirikisho siku ya Alhamisi.

Siwema aliingia amevaa kitenge cha kazini, akamsalimia karani, akaketi. Kaka yake hakumsalimia.

"Kipengele cha tisa ni idadi ya mapigo," karani akaeleza. "Mheshimiwa ajaze kwa mkono wake, wewe mama uthibitishe kwa sahihi. Likiwa moja, tunafunga. Yakizidi, samahani sana mheshimiwa, medali inarudi, na ni ile miaka saba. Lakini wote tunajua ni moja." Akafungua kidau cha mhuri, akakuta kimekauka, akatoka kwenda chumba cha pili kutafuta wino.

Wakabaki peke yao. Kaka alitazama fomu, na dada alimtazama yeye.

"Luhende ameniapia kwamba ni moja," Siwema akasema kwa sauti ya chini. "Ameapa kwa watoto wetu. Anasema goti lilivunjika lenyewe alipojigeuza. Anasema nisikusumbue."

Tendwa aliichukua kalamu.

"Mimi nilikuwa jukwaani, na macho ninayo. La kwanza sina neno nalo, kaka. Nimemtetea mtu aliyelipiga kwa kila jirani aliyenifuata. La pili ndilo lililofanya madaktari waukate mguu wake wa kulia. Wa kushoto umebaki, kila asubuhi haujui usimame na upi." Akamsogezea fomu. "Sijaja kukufunga. Andika mbili, nami nitasema mbele ya karani kwamba umekosea, kwamba niliona moja, nitatia sahihi, na utakwenda zako na medali yako. Hakuna atakayejua. Mimi nataka tu nione ukiandika."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Tendwa alitaka kuandika, hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Aliona goti, aliona fulana iliyong'atwa, na machozi yalimlenga. Alimwangalia dada yake, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumdanganya. Akafikiria miaka saba. Akafikiria mlango ambao karani angeingilia, na kama angekuwa amesimama nyuma yake anasikiliza. Kisha akainama, na kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kupima kola na mikono ya mashati, akaandika: moja.

Siwema aliivuta fomu, akaisoma kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe. Akatia sahihi chini yake.

"Hongera, mheshimiwa," akamwambia, akasimama, akajifunga kitenge vizuri na kutoka.

Karani aliporudi na wino alikuta fomu imejazwa, haina kosa hata moja. Akaipiga mhuri.